Mama hataki tupige picha za uchumba kabla ya posa, na majani hayasubiri

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Lushoto. Huu ni mwaka wa sita niko Lowell, Massachusetts, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mara nyingi napangiwa zamu ya jioni, natoka saa tano usiku. Nina mchumba, Mkenya wa Nyeri, ana miaka 33. Mwezi Juni alinivisha pete, sisi wawili tu, jikoni kwangu. Nyumbani wanajua kuwa yupo na wameshaongea naye kwa simu, lakini barua ya posa haijafika. Wazee wa kwao wamepanga kwenda Lushoto Desemba, na hapo ndipo mahari izungumzwe. Harusi tunaiwaza Julai mwakani.

Tulikutana mwezi Oktoba, miaka mitatu iliyopita. Kanisa tunalosali lina uwanja wenye miti mikubwa ya maple, na kila mwaka waumini hujitolea kukusanya majani yaliyoanguka. Alinikuta nahangaika na reki, akaniambia nimeishika kama mwiko wa ugali. Ndiyo maana ameng'ang'ania picha zetu za uchumba zipigwe majira haya ya majani kupukutika na si wakati mwingine wowote. Amempata mpiga picha wa dola 600, ametanguliza 200 ambazo hazirudishwi. Siku ni Jumamosi ya pili ya Oktoba, kule New Hampshire kwenye barabara ya milimani ya Kancamagus, ambako watu hutoka mbali kwenda kuangalia majani mekundu.

Nilimpigia mama nikiwa na furaha zangu. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Picha za kushikana viuno, na mshenga hajakanyaga kizingiti changu? Watu wakiziona wakaniuliza huyu ni nani, nitajibu nini?" Tangu siku hiyo nikimpigia tunaongelea mvua na bei ya mahindi.

Hapa lazima nikueleze habari ya dada yangu. Miaka minne iliyopita alipiga picha za uchumba ufukweni Dar es Salaam, zikaenda kwenye kundi la ukoo, zikaenda kwenye kundi la kwaya, zikaenda kila mahali. Miezi mitatu baadaye yule kaka akaingia mitini. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Aliacha kuhudhuria vikao karibu mwaka mzima kwa sababu kila anayemsalimia alikuwa anauliza harusi lini. Namwonea huruma, lakini yale ni ya dada. Mchumba wangu si yule. Na siku hizi kwa mama kila kitu ni kijicho, kila kitu ni watu. Mimi naona ni ushirikina tu.

Kinachoniumiza zaidi ni baba. Ana miaka 71 na presha ya macho. Jicho la kushoto limeshapotea. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Nataka anione nikiwa mchumba wa mtu, nimependeza, wakati bado anaweza kuona. Nikiahirisha hadi mwakani sijui atakuwa amebakiwa na nini.

Mchumba wangu anasema twende tupige kimya kimya, mama atajua Desemba. Nikikubali, namdanganya mama. Nikikataa, naogopa ataona namthamini mama kuliko yeye, na zile dola 200 ni jasho lake. Usingizi sipati. Nishauri.

Binti wa Lushoto, Lowell

*

Marahaba, mwanangu.

Nilikaa Worcester miaka tisa, si mbali na hapo ulipo, kwa hiyo uwanja wako wa kanisa nauona kabisa. Nakumbuka Oktoba yangu ya kwanza. Mti uliokuwa mbele ya dirisha nililala nikiuacha wa kijani, baada ya siku chache umekuwa kama moto, na wiki haijaisha mvua ya usiku mmoja ikauacha uchi. Vitabu vyetu vya shule viliita majira yale vuli, nikabaki nashangaa, maana kwetu vuli ni mvua na watu kuingia shambani. Basi nakuelewa unaposema una haraka.

Nikiisoma barua yako naona watu wanne wanaotazama kitu kimoja na kila mmoja anaona chake. Mchumba wako akisema picha anamaanisha ile siku ya reki irudi. Wewe ukisema picha unamaanisha baba akuone. Mama akisikia picha anasikia tangazo, kwa sababu mara ya mwisho picha za uchumba zilipotoka nyumbani kwake zilikuwa tangazo, na aliyebaki kujibu maswali ya watu ni yeye. Wa nne ni baba, na huyo sijasikia sauti yake mahali popote kwenye barua. Nitamrudia.

Niruhusu nianze na mama. Umesema ni ushirikina. Inawezekana, wewe unamjua kuliko mimi. Lakini maneno uliyoninukulia hayana uchawi ndani yake. Alikuuliza, "Nitajibu nini?" Hilo ni swali la mtu aliyewahi kukosa jibu. Mwanamke aliyeacha vikao vya kanisa mwaka mzima hakuogopa jicho la mtu, alichoka kuulizwa. Na umesema yale ni ya dada. Kwa dada yaliisha. Kwa mama, je, kuna aliyewahi kukaa naye akamwambia pole kwa aibu aliyoibeba? Sijui, nauliza tu. Wakati mwingine mzazi hukataa jambo la mtoto wa pili kwa sababu la mtoto wa kwanza halikuwahi kuzungumzwa likaisha.

Halafu mchumba wako. Usimwone mkaidi. Mwanaume anayekumbuka ulivyoshika reki miaka mitatu iliyopita, huyo anakutazama. Ila kuna kitu kimoja sijakielewa, na ningependa mkiongee wawili: mlikutana Lowell, kwenye uwanja wa kanisa. Kancamagus imeingiaje? Ni pazuri mno, sikatai. Nimepita pale mara mbili, na ukifika juu ukaona bonde zima limewaka unasahau hata kufunga mdomo. Lakini Jumamosi ya pili ya Oktoba mara nyingi huangukia wikendi ndefu ya sikukuu ya Columbus. Magari yanajipanga kama foleni ya Ubungo ya zamani, na kila sehemu ya kuegesha ina watu wanaopiga picha zao. Tena kule milimani majani huanza kuwaka mwishoni mwa Septemba, na katikati ya Oktoba yanakuwa yanaelekea kwisha. Lowell mko chini na kusini zaidi, kwa hiyo rangi huwa imekolea katikati hadi mwishoni mwa Oktoba. Mkikubaliana kupiga pale mlipokutana, mmejipatia kama wiki mbili zaidi. Wiki mbili kwenye jambo kama hili si kidogo, na utaona kwa nini.

Sasa tuzitazame njia zilizopo, na kila moja ina mwiba wake.

Kupiga kimya kimya, kama anavyotaka yeye. Nyoyo zenu zinatulia, majani hayawapiti, amana haipotei. Mwiba wa kwanza ni kwamba picha siku hizi hazikai kabatini. Wapiga picha wengi huweka kazi zao kwenye Instagram ili wapate wateja, na mikataba mingi inawaruhusu. Mkienda njia hiyo, msomeni mkataba na muandikishe kwamba hakuna picha itakayotoka mpaka mseme nyinyi. Na ndugu zake wa Nyeri, je, wataziona? Maana Desemba wazee wakikaa sebuleni kwa mama yako, akatokea mmoja akasema kwa nia njema kabisa "mlipendeza sana kwenye zile picha", mama atakuwa amepata jibu la kuwapa watu, lakini amelipata mbele ya wageni.

Mwiba wa pili ni mkubwa zaidi, na sidhani kama umeuona. Umesema picha ni za baba. Zitamfikiaje? Nani anamsogezea baba simu usoni? Nani anamtia dawa ya matone asubuhi na jioni? Kama ni mama, na nahisi ni mama, basi hakuna picha itakayomfikia baba bila kupita mikononi mwake. Siri hii haiwezi kumhudumia yule uliyesema unaifanya kwa ajili yake.

Kusubiri mwakani. Julai mkishafunga ndoa, Oktoba inayofuata mtasimama chini ya mti uleule mkiwa mume na mke, na hakuna atakayeuliza kitu. Majani yatarudi. Mchumba atanung'unika dola 200, na ana haki, ingawa wapo wapiga picha wanaokubali kuisogeza tarehe kama umewaambia mapema, hivyo ulizeni kabla hamjaihesabu kuwa imepotea. Kinachoniogopesha kwenye njia hii ni wewe. Kama baba atakuwa amepoteza hata lile tundu dogo, naogopa utamlaumu mama moyoni kwa miaka mingi, na yeye hatajua kwa nini umepoa.

Kuitanguliza barua. Hapa ndipo zile wiki mbili zinapokuwa na kazi. Barua ya posa na ujumbe wa wazee si lazima vifike siku moja. Mnaweza kumtafuta mshenga aliye karibu na nyumbani, mtu mzima anayeheshimika, akapeleka barua hata mwezi huu, na wazee wa Nyeri wakaja Desemba kama walivyopanga kwa mazungumzo. Barua ikishapokelewa, mama ana la kusema: huyu ameleta barua kwangu. Lakini usidhani ni rahisi. Upande wa mchumba wana taratibu zao za ruracio, yaani mahari ya Kikikuyu, na huenda wazee wao hawapendi kutuma karatasi kabla hawajaiona nyumba ya binti. Nao wa kwenu, barua ikija ghafla, wapo watakaohesabu miezi kwenye vidole wakidhani una mimba. Na barua hupokelewa leo, majibu yakaja watakapotaka wao. Inawezekana Oktoba ikaisha bila jibu. Hili lazima alibebe mchumba, aongee na baba yake au mjomba wake. Wewe huwezi kujitumia posa.

Ipo na njia ndogo, ambayo nimeifikiria kwa sababu ya baba. Mama alikataa picha za kushikana viuno. Hakukataa picha ya binti yake. Unaweza kusimama peke yako chini ya mti, gauni lako zuri, pete iwepo au isiwepo, na picha hiyo ikaenda Lushoto waziwazi bila mtu kuulizwa chochote. Za wawili zikapigwa siku hiyohiyo na kutunzwa, au zisipigwe, mtakavyoafikiana. Mwiba wake ni kwamba mchumba anaweza kujiona amekatwa kwenye picha ya maisha yake mwenyewe. Mwambie kabla, kwa upole, asije akagundua mkiwa mbele ya kamera.

Sasa baba. Umeniambia unataka akuone. Yeye amesema anataka kuona nini? Nauliza kwa sababu mzee wa miaka 71 anayejua macho yanaondoka huwa ameshachagua vitu vyake. Pengine ni uso wako kwenye simu ya video kila Jumapili. Pengine ni huyo kijana mwenyewe, amtazame ana kwa ana Desemba. Na pengine ni kweli anataka picha. Mpigie, uongee naye yeye, si kupitia kwa mama.

Kama anaitaka, kuna jambo la kujua kuhusu presha ya macho ambalo wengi tunalikosea. Kwa mapenzi yetu tunaikuza picha, tunaisafisha iwe kubwa ya kutundika ukutani. Lakini anayeona kwa tundu la katikati, picha kubwa inamwagika nje ya tundu. Anaona shavu, anatafuta jicho. Picha ya ukubwa wa kiganja au daftari, ukiishika mbali kidogo, anaweza kuiona nzima. Karatasi isiwe ya kung'aa, maana mng'ao unamsumbua. Na uso usizungukwe na vitu vingi. Yale majani elfu yanayokupendeza wewe, kwake ni vurugu. Uso wako mbele ya ukuta wa rangi moja, au mbele ya anga, utamfikia haraka kuliko bonde zima la New Hampshire. Mwambie mdogo wako au jirani ajaribu kwa picha yoyote iliyopo nyumbani, aone ni umbali gani baba anasema, "Hapo." Na mwanangu, katika hizo dola 600, hakikisha kwanza dawa yake ya matone haikatiki hata wiki moja. Matone hayarudishi kilichopotea, lakini ndiyo yanayolinda kilichobaki.

Mkiamua kupiga, kwa namna yoyote, nikupe ya mtu aliyekaa huko. Mwambie mpiga picha akuonyeshe picha alizowapiga watu weusi wenzetu chini ya majani ya manjano. Asiyezoea hupima mwanga wa majani, nyuso zikatoka giza. Kama hana hata moja ya kukuonyesha, fikirini tena. Katikati ya Oktoba jua la Lowell linazama karibu na saa kumi na mbili jioni, na lile saa la mwisho ndilo lenye mwanga laini. Milimani jua linajificha nyuma ya vilele mapema zaidi, na baridi inashuka nalo. Wewe ni wa Lushoto, baridi ya Julai unaijua, hii inakata kuliko ile. Acheni makoti mabegani mpaka dakika ya kupigwa. Nguo nyekundu na za chungwa zitamezwa na majani. Kitenge chenye bluu iliyokolea au kijani kitasimama.

Na mikono! Mpiga picha atataka kuisogelea pete, na kwa ile baridi kavu vidole vinapauka mpaka kwenye maungio vinakuwa vyeupe kama umeshika unga. Weka kikopo cha mafuta ya mgando mfukoni mwa koti, upake kabla ya kila picha ya mkono. Mkikaa kwenye majani, mkirudi nyumbani mjikague miguu na kiunoni. Kupe wadogo wanaoleta ugonjwa wa Lyme wako macho kabisa mwezi huo.

Mimi sitakuambia uende au usiende. Mchumba ni wako, mama ni wako, na kila njia niliyoitaja nimewahi kuona watu wakiipita wakafika salama, na wengine wakajikwaa. Ninachokuomba ni usichague kabla hujaongea na mama, baba na mchumba, mmoja mmoja, na wa kwanza, mama, usimtajie picha kabisa. Mama umemzoea kwenye mvua na mahindi. Mpeleke taratibu kwenye ule mwaka wa vikao vya kanisa. Muulize ilikuwaje. Halafu msikilize, hata kama itachukua simu tatu.

Zamu yako inaisha saa tano usiku. Saa hiyo Lushoto ni saa kumi na mbili asubuhi, mama yako ameshaamka, anachemsha maji, baba bado hajatiwa matone. Hiyo ni saa nzuri ya kupiga.

Niandikie tena, majani yawe yamedondoka au bado.